Tarumbeta za Sikukuu Migori na Homa Bay: Kanisa Linajaa, Mpigaji Anarudi Home na Soda

Kama Krismasi iliyopita ulipanda matatu ukaenda ocha, na ocha yako iko pande za Rongo, Awendo, Oyugis ama Mbita, basi kuna kitu ulisikia kabla hujaiona. Uko nje ya kanisa, umechelewa, unajifanya unaongea na simu. Ndani kwaya inaanza utukufu, kengele zinalia, halafu juu ya kelele zote tarumbeta moja inapasua hewa. Hata wewe, ambaye ulikuja tu kwa sababu dani alitishia kukunyima kuku, nywele zilisimama. Usikatae, tulikuona.

Sasa nikuulize swali ambalo watu hawaulizangi. Huyo msee wa tarumbeta alilipwa ngapi?

Mimi najua jibu moja, kwa sababu msee wa tarumbeta ni binamu yangu. Anakaa Homa Bay mjini, ako na miaka ishirini na tatu, anauza vitambaa vya simu na chaja wiki yote. Desemba aliitwa na kanisa moja upande wa Migori. Kanisa silitaji, parokia silitaji, na ukiniuliza inboksi bado sitasema. Waliomba apige misa ya mkesha tarehe 24 na misa mbili za asubuhi ya Krismasi. Akapanda matatu ya Rodi Kopany, akashuka Rongo, akapanda ingine hadi Migori, na wewe unajua nauli ya tarehe 24 Desemba inafanyanga nini. Inapanda bila kuomba ruhusa. Akalala kwa benchi ya ukumbi wa parokia na wasee wa kwaya. Akapiga misa tatu. Akapewa pilau, soda baridi, na maombi marefu ya kumshukuru Mungu kwa kipaji chake. Nauli ya kurudi alinipigia mimi simu nimtumie M-Pesa. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimesota. Nikatuma.

Hiyo ndiyo sababu naandika hii story. Si ati nimeamka tu na hasira na kanisa.

Wacha kwanza uelewe hiyo kitu anapiga ni ngumu aje. Mtu akiona tarumbeta anafikiria ni vitufe vitatu tu, unafinya, sauti inatoka. Zii. Sauti inatoka kwa midomo. Lazima midomo itetemeke ndani ya kale kakikombe ka chuma, na vile unavyoikaza ndivyo noti inapanda. Midomo ni nyama. Ukipiga misa ya masaa mawili na nusu usiku, ukalala kwa benchi, ukaamka upige zingine mbili, hiyo nyama inavimba na inachoka, na noti za juu zinaanza kukukataa. Mpiga gita anaweza cheza usiku mzima hadi kuku waamke. Wa tarumbeta hana hiyo bahati. Binamu yangu alikula pilau upande mmoja wa mdomo.

Kuna hii ingine ambayo watu wa kinanda watanichukia kwa kuisema. Kwaya zetu nyingi zinasoma do re mi, na do inaweza kukaa mahali popote. Mpiga kinanda wa kisasa akiambiwa wimbo upande kidogo kwa sababu soprano wameamka vizuri, anafinya kitufe kimoja, kinanda kinahamisha ufunguo peke yake, vidole vinabaki palepale. Tarumbeta haina hicho kitufe. Tena tarumbeta ya kawaida imeundwa kwa B flati, maana yake mpiga kinanda akisema C, huyu anapaswa kupiga D. Kwa hivyo kwaya ikibadilisha ufunguo katikati ya maandamano ya sadaka, yule jamaa anafanya hesabu kichwani akiwa amejaza mashavu hewa, mbele ya watu mia sita. Halafu mtu anamwambia ni kazi ya kujitolea.

Na hapa kwetu Nyanza Kusini, hii kazi hauifunzwi mtaani. Fikiria tu. Benga ni gita. Ohangla ni ngoma, na siku hizi kinanda. Nyatiti ni nyuzi nane. Orutu ni uzi mmoja na uta. Wazee wetu walikuwa na pembe zao, walikuwa na tung', walikuwa na abu ya kibuyu, lakini hizo hazina valvu na hazipigi mizani ya kanisa. Rhumba ya Kongo ndiyo ilikuwa na matarumbeta ya kweli, na sisi tuliidansi tu, hatukufunzwa kuipuliza. Kwa hivyo kijana wa Ndhiwa ama Suna akijua tarumbeta, kuna njia chache sana alizopitia: bendi ya shule, kanisa, ama mjomba aliyekuwa askari. Binamu yangu alipitia shule. Mwalimu wa muziki alikuwa na tarumbeta mbili, moja ilikuwa na valvu iliyokwama, na ndiyo aliyopewa. Alijifunza na hiyo ya kukwama mwaka mzima. Anasema ndiyo maana vidole vyake viko na nguvu kama vya fundi.

Hii ndoa ya kanisa na tarumbeta ni ya zamani na iko na drama. Hapa Afrika Mashariki misheni na majeshi ya kikoloni ndio walileta bendi za shaba. Watu wa pwani, Lamu na Mombasa, wakaona zile bendi miaka ya 1890 wakasema hii tunaweza. Wakaanzisha yao, wakaiita beni, kutokana na neno bendi. Mashindano ya mtaa kwa mtaa, sare kali, vyeo vya kujipa, kila upande unataka kumwaibisha mwenzake. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni hadi bara. Na unajua nani hakufurahia? Wamisionari wengi. Wakasema vijana wanacheza dansi za dunia. Yaani uliniletea tarumbeta, nikaijua kukushinda, ukaanza kusema ni dhambi. Manze.

Wakatoliki nao walikuwa na zao. Mwaka wa 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa maagizo kuhusu muziki wa kanisa: piano marufuku, ngoma marufuku, na bendi haziruhusiwi kupiga ndani ya kanisa. Vyombo vichache vya kupuliza vingeweza kukubaliwa kwa ruhusa ya askofu, na bendi ingepata nafasi kwa maandamano ya nje. Mlango ulifunguka vizuri baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule waraka wa liturujia wa 1963. Leo ukiingia misa ya Pasaka jimbo la Homa Bay, ambalo lilianzishwa 1993 na linabeba kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori, ukasikia kayamba, ngoma na tarumbeta pamoja, ujue babu yako hakuwa na hiyo ruhusa.

Lakini usidhani ni makanisa yote. Waadventista, ambao wameshika hizi pande tangu misheni ya Gendia ianze 1906 kule karibu na Kendu Bay, kwao kwaya mara nyingi ni sauti tupu, na sherehe yao kubwa si Krismasi, ni kambi. Legio Maria, ambao mlima wao mtakatifu wa Got Kwer uko hapo Migori, ngoma zao hazihitaji msaada wa mtu. Kwa hivyo soko la mpiga tarumbeta ni dogo kuliko unavyofikiria. Ni Katoliki, ni Anglikana kiasi, ni makanisa ya mjini yenye spika kubwa, na harusi.

Halafu kuna Jeshi la Wokovu, na hawa lazima niwape heshima yao. Wako Kenya tangu 1921. Na story ya vile walianza na shaba ni tamu. Mwaka wa 1878, mji wa Salisbury, Uingereza, wahubiri wao walikuwa wanapigwa na wahuni barabarani. Fundi wa ujenzi anaitwa Charles Fry na vijana wake watatu wakajitolea kuwalinda. Walikuja na vyombo vyao vya shaba. Walikuja kama mabaunsa, muziki ukawa kisingizio. Watu wakaacha kurusha mawe wakaanza kusikiliza. Leo wale jamaa wamejenga mfumo: watoto wanafunzwa, vyombo ni vya kanisa, unapewa, unafunzwa, unavaa sare. Hulipwi, ndio, lakini haujajinunulia kitu pia. Hapo mimi sina ugomvi. Kanisa limewekeza kwako, wewe unarudisha.

Ugomvi wangu uko hapa. Kanisa ambalo halijawahi kukununulia hata mafuta ya valvu, halijakufunza noti moja, halikujui jina Januari hadi Novemba, linakupigia simu Desemba tarehe 15 likisema njoo umtumikie Bwana. Padre analipiwa petroli. Mtu wa hema analipwa. Mtu wa viti vya plastiki analipwa kwanza, la sivyo havishuki kwa lori. Mtu wa spika analipwa. Mpishi wa pilau analipwa. Mtu pekee ambaye kipaji chake "kimetoka kwa Mungu" ni yule wa tarumbeta. Kwani pilau ilitoka kwa nani?

Nilimuuliza katekista mmoja hiyo swali, mzee wa heshima, na jibu lake halikuwa la kijinga. Aliniambia, "Mwanangu, tukimlipa huyu wa tarumbeta, mama anayefagia kanisa kila Jumamosi tangu 1998 tumwambie nini? Kwaya nzima ya watu arobaini tuwaambie nini?" Nikakosa maneno. Kwa sababu ni kweli. Siku hiyo parokia ilikuwa na deni la mabati. Na kuna utamu fulani kwa kutoa kitu bila bei. Hata binamu yangu anausikia, ndiyo maana anaenda. Aliniambia ile saa ya utukufu, mishumaa imewashwa na kanisa lote limeamka, hakuna harusi imewahi kumpa hiyo kitu. Kwa hivyo sisemi kanisa liwe klabu ya kuchaji mlangoni.

Lakini yule mama anafagia kanisa lake, anatembea dakika kumi kutoka nyumbani. Kwaya ni yao, wakizika wanazikana, wakiugua wanachangiana. Huyu ametolewa kaunti ingine. Mgeni hutolewa nauli. Hiyo si mshahara, hiyo ni adabu, na hata sisi Waluo ambao tunasifika kwa kujigamba tunajua mgeni akija kukusaidia kulia kwa matanga haendi nyumbani na mguu.

Tena wale wanaopenda kutupa Biblia, tuisome yote. Hesabu sura ya 10, Musa anaambiwa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, na zipigwe siku za sikukuu. Poa. Nani alizipiga? Makuhani, watu ambao walikuwa wanakula kutoka kwa sadaka. Songa hadi Nehemia sura ya 13. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wametoroka hekaluni, kila mtu amerudi shambani kwake kulima. Kisa? Hawakuwa wanapewa fungu lao. Na Nehemia hakuwaombea. Aligombana na viongozi, akawarudisha waimbaji, na watu wakaleta zaka ghalani. Hiyo sura sijawahi kuisikia ikihubiriwa siku ya Krismasi. Labda nilikuwa nje na simu.

Sasa wacha tuingie kwa siasa, kwa sababu ndiko hii story inaenda na ndiko inanitia wasiwasi.

Unakumbuka Novemba 2024? Rais Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa pesa: milioni mbili za kujenga nyumba ya mapadre na laki sita za kwaya na baraza la wamisionari la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudishwe. Sisi mtandaoni tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Na huyo Anyolo alikuwa Askofu wa Homa Bay miaka mingi kabla ya kupelekwa Kisumu 2018, halafu Nairobi 2021. Anajua vizuri parokia ya kijijini inafanana aje mwisho wa mwezi.

Lakini cheki hiyo kitu vizuri. Sehemu ya ile pesa ilikuwa ya kwaya. Mwanasiasa anajua. Anajua kwaya haina kitu, anajua mpiga tarumbeta amekuja kwa nauli yake, na anajua laki moja kwa wasee kama hao ni kuchukua mioyo yao kabisa. Kanisa likirudisha pesa ya mheshimiwa, ni sawa kabisa, mimi nipo nyuma yao. Lakini likirudisha na lisiweke kitu mahali pake, yule mheshimiwa atamfuata mpiga tarumbeta nje ya geti. Uchaguzi mkuu ni 2027. Kura ni Agosti. Tayari binamu yangu ameshapigiwa simu na mtu wa kampeni, kiti cha MCA tu, si hata ubunge. Offa yenyewe: kukaa juu ya pikapu, kupuliza kutoka Kendu Bay hadi Oyugis, chakula, tishati, na doo kwa mkono jioni hiyo hiyo. Doo ya siku moja inashinda Krismasi zake zote tangu ajue tarumbeta, jumla. Hata si nyingi vile. Ni vile ingine ni sufuri.

Nilimuuliza, na wewe unampenda huyo mwanasiasa? Akacheka. "Omera, simjui hata jina la pili."

Juu ya pikapu siku moja kuna mawe. Sote tunajua mikutano ya kampeni za huku inaweza kugeuka, na mtu wa tarumbeta hawezi toka nduki haraka, ako na chuma mkononi ambayo ndiyo mali yake yote. Wale vijana wa Fry walibeba shaba kulinda wahubiri. Sisi tunabeba kulinda msafara wa mtu anayetafuta marupurupu.

Njia za heshima ziko, lakini ni nyembamba. Juni mosi 2025 Madaraka Dei ililetwa Homa Bay, pale uwanja wa Raila Odinga. Binamu yangu alienda kuona bendi za jeshi, si kusikiliza hotuba. Alirudi kama mtu aliyeona malaika. Watu wa rika lake, wamevaa nyekundu, wanapiga tarumbeta, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia, na bima ya hospitali. Jeshi, polisi, magereza, NYS, wote wako na bendi. Shida ni kwamba siku ya usajili foleni inaanza alfajiri, na kuna wale watakuambia nafasi iko na bei. Hiyo ni story ingine na wakili wangu ni mimi mwenyewe, kwa hivyo naiacha.

Nairobi kuna Ghetto Classics, ile programu ya Korogocho iliyokaa kwa uwanja wa kanisa Katoliki la St. John's. Watoto wa mtaa wanafunzwa vayolini, tarumbeta, kila kitu, na kanisa limetoa nafasi. Angalia hilo kanisa limetoa nini: si mshahara, ni mahali na mlango wazi siku za wiki. Sasa hebu niambie, ukumbi wa parokia yenu pale Migori ama Homa Bay unafanya nini Jumanne saa kumi jioni? Umefungwa, kufuli kubwa, funguo ziko na mwenyekiti, mwenyekiti yuko Kisumu. Na tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wa CBE wako na njia ya Sanaa na Michezo kama chaguo rasmi. Muziki ni somo, lina njia yake. Shule ngapi za huku ziko na tarumbeta hata moja yenye valvu tatu zinazosonga? Binamu yangu angeweza kufunza watoto ishirini kwa huo ukumbi, wazazi wakatoa kidogo, na Krismasi ijayo kanisa lisitafute mtu kaunti ingine. Alishapendekeza hiyo. Waliambia barua iandikwe. Barua iliandikwa.

Mimi niliacha kolegi mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie nikuletee sera ya kitaifa na majedwali. Naongea hesabu ya kioski. Misa ya Krismasi kanisa linajaa hadi watu wanasimama kwa madirisha, na kikapu kinapita mara mbili, mahali pengine tatu. Toa nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, kabla ya kikapu cha pili. Andika kwa bajeti ya sikukuu pale chini ya hema na viti: tarumbeta, nauli. Mstari mmoja. Na kama kweli hakuna, mwambie mapema, aamue mwenyewe kama anakuja kutoa sadaka ama anabaki kuuza chaja. Kumwambia baada ya misa ya tatu, akiwa amevimba midomo, hiyo si kujitolea tena.

Saa hii ni Kwaresma. Kwa Wakatoliki vyombo vimenyamazishwa, vinaruhusiwa tu kusaidia kuimba, kwa hivyo tarumbeta ya binamu yangu iko ndani ya begi chini ya kitanda, imefungwa na taulo. Mkesha wa Pasaka ndio usiku mkubwa kuliko yote: kanisa linaanza gizani, halafu utukufu unarudi na kila chombo kinaachiliwa kwa mara moja. Wiki jana lile kanisa la Migori lilimpigia tena. Sauti tamu sana, walimwita mwanetu. Akawaambia atakuja, lakini nauli itumwe kabla, kwa simu. Mtu wa upande wa pili akanyamaza kidogo, akasema atauliza kamati.

Yule wa kampeni naye amepiga mara mbili tangu hapo.